Mzee Kleist Sykes na Daftari Lililohifadhi Ukoo



Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, jina la mtu aliyefariki zamani huanza kutajwa barabarani kwetu. Konda analitaja, abiria wanalitaja, vijana wa bodaboda nao wanalitaja: Mtoni Kwa Azizi Ali. Ukiuliza ndani ya daladala huyo Azizi Ali alikuwa nani, wengi watakujibu kwamba ni kituo. Wachache, hasa wazee, watakwambia kwamba alikuwa mtu, tena mjenzi, na baba wa Dossa Aziz, mmoja wa waasisi wa TANU. Jina limebaki midomoni, mwenyewe ametutoka kichwani.

Safari hii kamati imeniomba mimi mweka hazina wenu niandike maisha ya mzee mmoja wa mji wetu. Nimemchagua Mzee Kleist Sykes. Hakuwa mkazi wa huku Temeke. Maisha yake yalikuwa Gerezani na Kariakoo. Lakini wanawe na Dossa wa Mzee Azizi Ali walikuwa marafiki wa kushibana na walishirikiana katika kazi ile iliyoleta uhuru, kwa hiyo si mgeni kwetu. Nimemchagua pia kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo chama chetu kinalo mezani mwaka huu: ukoo unapotaka kujua ulikotoka, utaulizia wapi?

Baba aliyeletwa na vita

Habari ya Mzee Kleist inaanzia mbali, kusini, upande wa Inhambane katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mwaka 1888 watu wa pwani yetu waliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani iliyokuwa imeanza kujitwalia miji na forodha zao. Pangani, aliyeongoza mapambano alikuwa Bushiri bin Salim. Kampuni ilishindwa, na mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann. Hakuja na jeshi kubwa la Wazungu. Aliajiri Wasudani kutoka Misri, na kutoka Inhambane akaajiri mamia ya vijana ambao huku pwani waliitwa Wazulu, ingawa wengi wao walikuwa Washangaan. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Sykes Mbuwane.

Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Vita vya pwani vilipokwisha, askari wale wa kusini hawakurudi kwao. Walibaki, wakaoa, wakazaa. Mwaka 1894, hapo hapo Pangani, Sykes Mbuwane alipata mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye Kleist.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana si kila ukoo ungependa kuandika jambo kama hili. Mbuwane alikuja huku akiwa upande wa waliotutawala. Alipigana na watu wa pwani, kisha akapelekwa bara kupigana na Wahehe wa Mkwawa. Kizazi chake kingeweza kulifunika jambo hilo na kutunga asili nyingine ya kupendeza zaidi. Hakikufanya hivyo. Kimelieleza kama lilivyokuwa, na ndiyo maana sisi wengine tunaweza kuliamini na lile lililofuata. Mtu anayefuatilia asili yake akiwa tayari kupokea habari njema tu, ataishia kuandika hadithi.

Mbuwane hakuzeeka. Alikufa maji alipokuwa akirejea kutoka vita vya Uhehe, na mwanawe akabaki yatima akiwa mdogo mno. Kwa hiyo mtu akisema aanze kuutafuta ukoo wa Sykes kwa kutembelea makaburi, atakwama pale pale mwanzo. Babu wa kwanza hana kaburi la kusimama mbele yake, wala kibao cha kusoma.

Mtoto wa kulelewa

Aliyemchukua yatima huyo ni Affande Plantan, mkuu wa Wazulu wa Dar es Salaam na mwenzake Mbuwane katika safari ile ya kutoka kusini. Kleist akalelewa mjini kama mmoja wa watoto wa nyumba. Wana wa Plantan, yaani Thomas, Schneider na Ramadhani Mashado, walikuwa ndugu zake. Wote hao walikuja kujulikana: Thomas alifika kuwa rais wa chama cha Waafrika, na Mashado Plantan alikuwa mwenye gazeti la Zuhra, lililosomwa sana mjini. Hadi leo wanaoijua Dar es Salaam ya zamani huzitaja familia hizi mbili kwa pamoja.

Sasa fikiria mtafutaji anayetumia majalada ya mirathi peke yake. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kulelewa harithi kwa mlezi wake. Mlezi anaweza kumuusia sehemu isiyozidi theluthi ya mali, lakini katika orodha ya warithi hayumo. Mtafutaji huyo angewaona Plantan huku na Sykes kule, kana kwamba hawakuwahi kula sahani moja. Jalada linajua damu na ndoa. Malezi hayamo. Na mji wetu, ndugu zangu, umejengwa kwa malezi. Ni nyumba ngapi hapa Mtoni, Mbagala, Kurasini na Keko zilipokea mtoto wa rafiki aliyekufa na kumpa jina la nyumba?

Jina lake nalo ni somo. Mbuwane ni jina la huko kusini. Sykes ni jina la Kiingereza. Kleist ni la Kijerumani, lililopata kuvaliwa na maofisa wa jeshi lao. Abdallah ndilo jina lake la Kiislamu. Mtu mmoja ana majina manne, na kila moja lina mlango wake: wa jeshi, wa shule, wa msikiti, wa ofisi ya Mwingereza. Anayetafuta jina moja tu atamwona robo. Vivyo hivyo kwa babu zetu waliobatizwa wakubwa, au waliosilimu, au walioandikwa na karani kwa jina la kabila au la mwajiri. Ukifungua daftari la zamani, tafuta majina yote uliyowahi kuyasikia nyumbani, hata lile la utani.

Askari, kisha karani

Kleist alisoma shule ya Wajerumani, akajua kusoma, kuandika na lugha yao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa askari katika jeshi la Lettow-Vorbeck, na nduguye Schneider naye alikuwa humo. Vita ile iliwamaliza Waafrika wengi, zaidi wapagazi kuliko askari. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Ukipita Barabara ya Samora utaiona sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wa Uingereza. Ni sanamu nzuri. Lakini zunguka pande zake zote, hutakuta jina la mtu hata mmoja. Mjukuu anayemtafuta babu yake mpagazi hapati kitu pale.

Kleist alitoka vitani mzima. Serikali ilipobadilika naye alijifunza kwenda na mpya: akaajiriwa ukarani katika shirika la reli la Tanganyika, akafanya kazi humo kwa miaka mingi. Ukarani wa siku zile ulikuwa kazi ya kuheshimika, na ulimpa mazoea yaliyomfaa hadi mwisho wa maisha yake: kuandika tarehe, kuandika majina kamili, kuweka nakala. Mimi kazi yangu ni uhasibu na nayajua mazoea hayo. Huchosha watu wengine. Lakini miaka ikipita, ndiyo yanayobaki yakisema.

Chama na jengo

Mwaka 1924 alipita mjini kwetu Dokta James Aggrey, msomi wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, akiwa na tume ya wafadhili wa Marekani iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye, na Aggrey akamshauri kwamba Waafrika wa Tanganyika waunde umoja wao. Mawazo hayo yalikaa miaka mitano. Mwaka 1929 African Association ikaundwa Dar es Salaam. Rais alikuwa Cecil Matola, mwalimu na Mkristo. Katibu alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu. Pamoja nao walikuwamo Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi, Ali Said Mpima, Suleiman Majisu, Raikes Kusi na Rawson Watts. Tazama majina hayo, utaona mji wetu wenyewe: watu wa pwani na wa bara, wa dini mbili, na wengine ambao wazazi wao waliletwa tu na vita kama Mbuwane.

Chama hakikuwa na mfadhili. Walitaka jengo lao, wakapata kiwanja New Street, wakajitolea. Walitoa fedha, na wasio na fedha wakatoa nguvu, baada ya kazi na siku za mapumziko, katika miaka ile ya mwanzo ya 1930. Jengo likasimama. Mwaka 1933 Kleist na Mzee bin Sudi wakashiriki pia kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, Mzee bin Sudi akiwa rais na Kleist katibu, na umoja huo nao ukajenga shule ili watoto wa Kiislamu wasome elimu ya dini na ya dunia.

Nimeandika habari hii ya jengo si kwa kuwa hiki ni kijitabu cha kuchangisha, ingawa sioni haya kuitumia. Nimeandika kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Waliochanga hawakujua jengo lile lingefanya kazi gani. Mzee Kleist alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1954, wajumbe kumi na saba walikutana katika jengo hilo hilo la New Street na kuunda TANU, Mwalimu Julius Nyerere akiwa rais wake. Miongoni mwa kumi na saba hao walikuwamo Abdulwahid na Ally, wana wa Kleist waliorudi kutoka vita vya Burma, na Dossa Aziz wa kwetu. New Street sasa ni Mtaa wa Lumumba. Mtaa wa Kipata, Kariakoo, umepewa jina la Kleist Sykes.

Nani aliandika?

Turudi kwenye swali letu. Tuseme hakuna mtu wa familia aliyeandika chochote. Je, kumbukumbu za serikali zingetupa Mzee Kleist huyu tunayemjua?

Tuanze na sensa. Katika maisha yake ya mtu mzima nchi ilihesabiwa mwaka 1921, 1931 na 1948. Hesabu ya 1948 ndiyo ya kwanza iliyofanywa kwa utaratibu wa makarani kuhesabu watu, na iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 69,227. Mzee Kleist alikuwa mmoja wao, mwaka mmoja kabla ya kufa. Sensa iliyofuata, ya 1957, ilikuta watu 128,742, naye hayumo. Hayo ndiyo tunayopata: alikuwamo katika jumla, kisha akatoka. Uingereza huyafungua madaftari ya sensa kwa umma baada ya miaka 100. Ya mwaka 1921 yalifunguliwa mwaka 2022, na mjukuu wa kule anaweza kuona kwa macho yake nani alilala nyumba ipi na alikuwa na umri gani. Kwetu sheria ya takwimu inalinda siri ya kila mtu aliyehesabiwa, na kilichochapishwa ni jumla. Sensa ya 2022 imeupa Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Ni takwimu muhimu kwa kupanga shule na maji. Lakini usitegemee kwamba mjukuu wako atakutafuta humo akupate.

Pili, mirathi. Hapa kuna faida kubwa zaidi. Mtu akifa na mirathi ikafunguliwa mahakamani, kwa wengi wetu mahakama ya mwanzo, jalada hubeba muhtasari wa kikao cha ukoo, jina la msimamizi, majina ya warithi na uhusiano wao na marehemu, na orodha ya mali. Kwa mtafutaji wa ukoo hilo ni nusu ya kazi. Wosia ulioandikwa na kuhifadhiwa vizuri, kwa mfano RITA, huongeza mengine. Lakini jalada hufunguliwa tu pale penye mali ya kugawa na watu wa kwenda mahakamani. Babu aliyekufa na kitanda, jembe na kanzu mbili hakufunguliwa jalada.

Na hata linapofunguliwa, linategemea walio hai kujua. Niseme yaliyotukuta sisi. Baba yetu mkubwa alipofariki tulikaa kikao cha ukoo uani, chini ya mwembe. Kiwanja alichoacha kilikuwa cha babu, hakikuwa chake peke yake, kwa hiyo ilibidi tuwataje watoto wote wa babu, walio hai na waliokufa, na watoto wao. Tulifika watoto wanne tukakwama. Shangazi alisema kulikuwa na wa tano, wa mama mwingine, aliyekwenda Kilwa. Mzee mwingine akasema hapana, huyo alikuwa wa kulelewa. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Watu waliokuwa wakilia pamoja asubuhi, jioni walikuwa hawasalimiani. Mimi ninayefunga hesabu za watu wengine kila mwaka hadi senti ya mwisho, nilikaa pale nikiwa siwezi kulitaja jina la baba wa babu yangu. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za koo za wengine.

Tatu, makaburi. Waislamu wengi hapa mjini huzika kwa kibao kidogo au jiwe lisilo na maandishi, na hilo lina sababu zake katika dini. Wengine huandika jina moja na mwaka wa Hijria peke yake, au wa Miladia peke yake, na rangi hufutika kwa mvua za masika tatu nne. Tena mji unapanuka. Barabara zinaongezwa upana, na makaburi huhamishwa.

Angalieni mfano mmoja ulio Kinondoni. Mwaka 1968 makaburi 660 ya wanajeshi waliokufa vitani yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara, yakapelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Ukienda leo utayakuta yamepangwa kwa mistari, na orodha ya majina ipo. Barabara ilijengwa na kumbukumbu haikupotea, kwa sababu kabla ya kuhama kulikuwa na daftari. Makaburi yetu ya mtaani yakitakiwa kuhama kesho, nani atasema huyu ni nani?

Kilichomhifadhi Kleist

Basi, kilichotupa habari za Mzee Kleist ni kitu cha nyumbani. Kabla ya kufa alikaa akaandika habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe: baba yake alitoka wapi, nani alimlea, vita, kazi, chama. Alikuwa karani, akajiandikia na yake. Karatasi zile zilibaki katika familia. Mwanawe Abdulwahid alikuwa na binti, Daisy, aliyeingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na binti huyo akazichukua karatasi za babu yake akazifanyia kazi ya historia. Mwaka 1973 maandishi yake yalichapishwa katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Baadaye, mwaka 1998, Mohamed Said akatoa kitabu juu ya Abdulwahid Sykes, na habari za familia hiyo zikasomwa na watu wengi zaidi.

Tuuone mnyororo huo ulivyo mwembamba. Mbuwane alikufa maji, hakuacha kaburi. Mwanawe hakumbuki uso wa baba yake, lakini aliuliza wakubwa, akaandika. Abdulwahid hakuzitupa karatasi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1968 akiwa bado na miaka 43. Binti akazisoma. Kama mmoja tu kati yao angeona ni makaratasi ya kuwashia jiko, Inhambane ingepotea, Affande Plantan angepotea, na hata mazungumzo na Dokta Aggrey yasingejulikana. Familia hiyo ilikuja kutoa waasisi wa TANU, balozi, na mjukuu aliyerithi jina la Kleist akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Lakini mzizi wake umejulikana kwa sababu ya daftari la nyumbani.

Tunaloliomba mwaka huu

Mradi wa mwaka huu mmeusikia kwenye mkutano: uzio wa makaburi yetu na daftari la waliozikwa humo. Nimesikia minong'ono kwamba walio hai wana shida nyingi, shule haina madawati, mitaro imeziba, na sisi tunawajengea wafu ukuta. Ni hoja ya haki na sitaipuuza. Mradi wa madawati unaendelea na hesabu zake ziko katika ukurasa wa mapato na matumizi, kila mtu azikague. Lakini migogoro mingapi ya viwanja mtaani kwetu imeanza kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha nani ni mtoto wa nani? Ni wajane wangapi wametolewa nyumbani na watu waliojitokeza baada ya msiba wakidai udugu? Daftari hilo tunaliandika kwa faida ya walio hai.

Kazi yenyewe itakwenda hivi. Kila kaburi litapewa namba na kuchorwa katika ramani. Kila namba itakuwa na ukurasa: majina yote ya marehemu, jina la baba na la mama, mahali alikotoka, tarehe ya kufa kwa Hijria na kwa Miladia kama inajulikana, na jina la ndugu aliyetoa maelezo. Pasipojulikana pataachwa wazi, hatutajaza kwa kubahatisha. Daftari litakuwa na nakala tatu, zitakazowekwa sehemu tatu tofauti.

Tunaomba fedha, na risiti itatolewa kwa kila shilingi. Wajenzi, mafundi chuma na wenye magari ya mchanga, tunaomba nguvu zenu, kama wale wa New Street walivyotoa zao. Na wote, hata asiye na kitu mfukoni, tunamwomba jambo moja la nyumbani. Kabla ya siku ya harambee, nunua daftari la shule. Kaa na mkubwa wenu aliyebaki, bibi au babu au shangazi, mfanyie chai, usimharakishe. Muulize majina, na majina mengine ya watu hao hao. Muulize waliolelewa, si waliozaliwa tu. Muulize walikozikwa. Tazama kwenye sanduku kama kuna stakabadhi ya kodi, kadi ya TANU, cheti cha ubatizo au cha ndoa, hati ya kiwanja. Andika tarehe ya siku uliyoyasikia na jina la aliyekwambia. Kama kuna jambo la kuumiza, liandike pia, kwa adabu. Anayetaka kwenda mbele zaidi, Nyaraka za Taifa zipo Upanga, na majalada ya Wajerumani na ya Waingereza yamo; lakini utakwenda kule ukiwa na majina mkononi, vinginevyo utarudi mikono mitupu.

Mimi nimeshaanza langu. Shangazi amenitajia majina saba, na mtoto yule wa tano amekuwa na jina tena. Wajukuu zake tumewaona Kilwa, na tumekubaliana kukaa upya kikao cha ukoo. Daftari nitakuja nalo siku ya harambee. Njooni na yenu.